Intakomu ya waya kwa nyumba ya Mji Mkongwe: waya mbili, waya nne au kebo ya mtandao?

mwana_kiponda
Jumatatu, saa 2:10 usiku

Assalaam aleikum wanajamvi. Nataka kufunga intakomu ya mlangoni kwenye nyumba yetu Kiponda, Mji Mkongwe wa Zanzibar. Nyumba ya zamani ya mawe, mlango wa kuchonga. Ya wai-fai sitaki. Nilijaribu kengele ya wai-fai ya mdogo wangu na mawimbi hayakupita hata ukuta mmoja, kwa hiyo iwe ya waya tu.

Darajani nimeoneshwa aina tatu. Ya kwanza Commax, ya waya nne, ina skrini ndogo. Ya pili ya Kitaliano, Comelit, ya waya mbili, bei yake karibu mara tatu ya ile ya kwanza. Ya tatu Hikvision ya kebo ya mtandao, inaleta picha mpaka kwenye simu ya mkononi. Fundi anataka jibu Jumamosi akanunue waya. Aliyewahi kufunga anambie, nichukue ipi?

fundi_waya
Jumatatu, saa 2:34 usiku

Wa aleikum salaam mkuu. Umeomba dawa bila kutaja ugonjwa. Nyumba ina ghorofa ngapi? Wanakaa watu gani, familia moja au zaidi? Kutoka mlangoni hadi anapokaa mpokeaji ni mita ngapi kwa njia ambayo waya utapita, si kwa kukisia hewani? Unataka kuongea tu, kuona sura, au na kufungua mlango ukiwa juu? Umeme ukikatika una inveta? Kuna waya wowote wa zamani ukutani? Bila hayo kila mtu hapa atakuuzia alichofunga kwake.

abu_nassor_mct
Jumatatu, saa 2:51 usiku

Chukua ya kebo ya mtandao, ndugu yangu, usijisumbue. Mimi niko Muscat, nyumba ya marehemu babu iko Malindi hapo hapo Unguja na anakaa shangazi. Mtu akibonyeza kitufe chini, simu yangu inalia huku. Namuona, nasema naye. Juzi aliyeleta gesi alidhani niko ghorofani. Kebo moja inabeba picha, sauti na umeme wake, volti 48, inafika mita 100. Hizo nyingine ni za zamani.

binti_mkomani
Jumatatu, saa 3:20 usiku

Nawasalimu kutoka Lamu. Kabla ya kuzungumza habari ya kampuni, tuambie ukuta wako una unene gani na waya utapita wapi. Nyumba yetu hapa Mkomani ni ya matumbawe na chokaa, na tulipotafuta kifaa tulianza mwisho, tukanunua kwanza. Kikakaa sandukuni miezi minne kwa sababu hakuna fundi aliyekuwa na jibu la njia. Nyumba ya zamani ndiyo inayochagua, wewe unafuata.

mwana_kiponda
Jumanne, saa 12:40 asubuhi

Shukrani nyote, na samahani kwa kueleza nusu. Nyumba ina ghorofa mbili juu ya chini. Chini kuna stoo tuliyompangisha muuza vitambaa. Katikati kaka yangu na familia yake. Juu kabisa mama, ana miaka 74 na magoti yamemchoka. Ngazi zetu mnazijua, za mawe, zimesimama kama ukuta na kila kidato kimeliwa katikati.

Sasa hivi mtu akipiga hodi chini mama anachungulia dirishani. Akimjua anateremsha kikapu kwa kamba na ufunguo ndani. Mwezi uliopita alitaka kumuwahi mgeni kwa miguu, akateleza kidato cha nne kutoka chini. Alhamdulillahi ni mkono tu uliovimba. Ndiyo sababu ya haraka hii. Kuongea na kuona ni lazima, kufungua mlango ningependa. Inveta hatuna. Ukuta sijapima, leo nitapima.

fundi_waya
Jumanne, saa 2:05 asubuhi

Pole kwa mama, bwana. Sasa tunaweza kusema.

Ya waya nne kila waya una kazi yake: sauti, umeme, picha na hasi ya pamoja. Ni rahisi kuelewa na fundi yeyote wa mtaani anaitengeneza. Ubaya wake ni kwamba ukitaka skrini ya mama na ya kaka yako, waya zinaongezeka, na kama mlango utafunguka kwa umeme ongeza nyingine mbili. Fungu zima la waya hilo unalipitisha wapi kwenye ukuta wa mawe?

Ya waya mbili hubeba vyote hivyo kwenye waya mbili tu na huna haja ya kujali ipi chanya ipi hasi. Skrini ya pili unaiunganisha kwenye njia ile ile. Kwa nyumba ya zamani mimi ndiyo ninayoipenda, maana kadiri waya zinavyopungua ndivyo matundu yanavyopungua. Ubaya ni bei, na kikiharibika kipande kimoja hapa kwetu hukipati dukani kesho yake.

Ya kebo ya mtandao ni nzuri kama ndugu wa Muscat anavyosema, lakini inahitaji swichi yake (kifaa cha kuunganisha kebo za mtandao na kuzipa umeme), na wa nje ya nyumba hatapata simu kama intaneti haipo. Na kwa mama wa miaka 74, picha kwenye simu ya mkononi haimsaidii. Anahitaji skrini ukutani yenye kitufe kimoja kikubwa.

abu_nassor_mct
Jumanne, saa 3:15 asubuhi

Hata hiyo ina skrini ya ukutani, fundi. Usiwatie watu hofu. Shangazi ana miaka 70 na kitu na anaitumia. Na mama akiwa amelala, mwanawe atapokea akiwa kazini. Intaneti ikikatika, mlango na skrini ya ndani bado vinasemezana kwa kebo yao. Hilo hukulisema.

fundi_waya
Jumanne, saa 3:22 asubuhi

Hilo ni kweli, nimelikubali. Ila umeme ukikatika vyote vinalala, na mleta mada hana inveta.

kibokoni_msa
Jumanne, saa 7:48 mchana

Acheni niwape yaliyonipata, maana naona mleta mada anakwenda njia ile ile.

Niko Mombasa, Mji wa Kale, upande wa Kibokoni. Mwaka 2019 nilitaka intakomu ya waya nne, nikaleta fundi kutoka duka moja la vifaa vya usalama. Kijana hodari, lakini kazi zake zote ni za majumba mapya ya bloku. Aliingia na mashine ya kukatia, akaanza kuchora mfereji ukutani kutoka mlangoni hadi juu ya ngazi. Zile kuta ndani yake si jiwe moja, ni vipande vya matumbawe vimeshikwa na chokaa na udongo. Mashine ilipopita, upande mmoja ulianza kumwagika kama unga. Alipofika kona ya ngazi lilitoka jiwe la ukubwa wa kichwa cha mtoto, na nyuma yake tundu ambalo mkono wangu uliingia hadi kiwikoni. Nilimwambia asimame. Akanambia usijali mzee, tutafukia kwa simenti, itakuwa ngumu kuliko mwanzo.

Akafukia. Ikang'aa kweli. Nikamlipa.

Masika yaliyofuata ule mstari wa simenti ukaanza kujionesha. Si wenyewe, ni pande zake mbili. Chokaa ikavimba, ikatoka maganda, na juu yake ukungu mweupe wa chumvi ambao ukiufuta leo kesho umerudi. Maji yaliyozoea kupumua kupitia ukuta mzima yalizuiwa na simenti yakatafuta pa kutokea. Mwaka wa pili unyevu ukaingia kwenye paipu ya waya. Sauti ikawa ya kukwaruza, kisha picha ikapotea. Nilipofungua kibao cha nje, kwenye viungo nilikuta ukoko wa kijani umekula shaba yote, na waya wenyewe, ukiukwangua, ndani ni mweupe. Kumbe niliuziwa alumini iliyopakwa shaba juu.

Na kulikuwa na kufuli la sumaku. Lile huhitaji umeme saa zote ili lishike. Usiku mmoja umeme ukakatika tumelala, betri yake ilikuwa imekufa zamani bila sisi kujua, mlango ukabaki wazi hadi alfajiri. Tuliamka tukakuta paka watatu ukumbini na baiskeli ya mtoto haipo.

Kuondoa ile simenti na kurudisha chokaa kumenigharimu zaidi ya intakomu yenyewe. Mpaka leo naona aibu nikipita kwenye ile kona, maana ukuta ule aliujenga babu wa babu yangu na mimi nikamruhusu mtu aupasue kwa mchana mmoja.

shangani_kwetu
Jumanne, saa 8:30 mchana

Subhanallah. Pole sana. Kuta zetu si za kuchezea. Beit al-Ajaib, lile jumba la sultani hapa Mji Mkongwe, imesimama tangu 1883 na bado ile tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake iliporomoka mchana kweupe.

fundi_waya
Jumanne, saa 8:41 mchana

Ndugu, tusichanganye. Ile iliporomoka wakati matengenezo makubwa yanaendelea, haikuangushwa na waya wa kengele. Na jengo hilo hilo ndilo la kwanza Zanzibar kuwekwa taa za umeme. Waya na kuta za Mji Mkongwe vimekaa pamoja zaidi ya miaka mia. Muhimu ni jinsi unavyozipitisha.

mzee_wa_chokaa
Jumanne, saa 10:15 jioni

Naunga mkono ndugu wa Kibokoni kwa mikono miwili. Nimefanya kazi ya chokaa miaka 30. Saruji ni ngumu na haipumui. Ukuta wa chokaa ni laini na unapumua. Ukivifunga pamoja, kigumu kinamuua laini. Tundu lolote kwenye ukuta wa zamani lizibwe kwa chokaa iliyolowekwa, na si ile uliyoiloweka jana. Iache kwenye pipa lenye maji juu yake, miezi mitatu si mingi. Changanya na mchanga uliooshwa, si wa pwani wenye chumvi. Lowesha ukuta kabla ya kupaka, paka nyembamba, ngojea, paka tena. Vijana wanataka kupaka inchi mbili kwa mara moja halafu wanalaumu chokaa kuwa imepasuka.

shangani_kwetu
Jumanne, saa 10:40 jioni

Mzee, mbona watu wengi wanachanganya na saruji kidogo ili ikauke haraka? Hata mafundi wa Vuga wanafanya.

mzee_wa_chokaa
Jumanne, saa 11:02 jioni

Wanafanya, na mimi ndiye ninayeitwa baada ya miaka mitano kuja kubandua. Haraka ya nini kwenye nyumba yenye miaka 150?

binti_mkomani
Jumanne, saa 1:25 usiku

Narudi kwa mleta mada. Sisi tulipata njia bila kukata ukuta. Dari zetu ni za boriti za mikoko, na baina ya boriti na boriti kuna nafasi. Waya ulipita pembeni ya boriti, ukashikwa kwa vibano vidogo vya shaba, ukapakwa rangi ile ile ya chokaa. Mgeni haoni. Kupanda ghorofani tuliupitisha kwenye kona ya kiwanda, yaani ua wa ndani, nyuma ya paipu ya maji ya mvua. Tundu tulilotoboa ni moja tu, la kupita ukutani karibu na mlango, tena kwa mkono na patasi ndefu kwenye mshono wa chokaa, si kwenye jiwe. Tulilielekeza kushuka kuelekea nje ili maji yasiingie ndani.

Kibao cha nje kiko ndani ya daka, ule ukumbi mdogo wa mlangoni, hakipigwi na jua wala mvua ya kusi. Na nakuomba sana usitoboe fremu ya mlango wa kuchonga. Huo mti ukishatobolewa haurudi.

shangani_kwetu
Jumanne, saa 1:50 usiku

Mlango wenyewe ni wa aina gani? Ule wa juu bapa, wa upinde wenye misumari ya shaba, au wa Kigujarati wa vijumba vijumba? Ule wa misumari watu husema ni wa kuzuia tembo, basi Unguja tembo wa wapi! Desturi ilitoka Bara Hindi, huku imebaki urembo.

mwana_kiponda
Jumatano, saa 2:30 usiku

Mlango ni wa juu bapa, mbao mbili na mfaa, ule mti wa kusimama, katikati. Kwa ndani una pingo, kwa nje mnyororo na tumbuu za kufuli. Sikuwahi kufikiria kitasa cha umeme kitakaa wapi mpaka leo nilipousimamia nikautazama. Hakuna mahali.

Nimepima. Ukuta wa mbele ni sentimita 58. Kutoka mlangoni kupitia ngazi hadi chumba cha mama ni mita 28. Na kuna jambo jipya. Nilipobandua ubao nyuma ya mlango nimeona waya mbili za zamani zimefunikwa kitambaa cha hudhurungi, zinapanda juu. Mama anasema enzi za babu kulikuwa na kitufe cheupe cha kaure hapo nje na kengele juu ukumbini. Nikavuta kidogo, zikacheza. Je, ile ya waya mbili inaweza kutumia hizo hizo?

fundi_waya
Jumatano, saa 3:04 usiku

Usiunganishe kitu chochote kwenye hizo! Mpira ulio chini ya kile kitambaa huwa umekauka, ukiukunja unapukutika kama biskuti. Mlete fundi mwenye kipima ukinzani wa maganda ya waya, apime kwa volti 500, na usishangae zikifeli.

Lakini umeokota dhahabu. Kama zinacheza, maana yake hazikupigwa misumari njia nzima, ziko ndani ya paipu au uwazi. Funga waya mpya kwenye ncha ya ile ya zamani, mmoja avute juu taratibu, mmoja asukume chini na kupaka poda ya mtoto. Zikipita, umepata njia bila kugusa ukuta.

Kuhusu waya: usikubali ule mwembamba wa alamu, wa milimita za mraba 0.22. Kwa mita 28, kwenda na kurudi ni 56, ukinzani wake ni kama ohm 4 na nusu. Kitasa kinachovuta ampea 0.8 kitapoteza volti 3 na nusu njiani, kwenye volti 12 kinabaki na 8 na kitu, kitalia tu bila kufungua. Kwa waya wa 1.5 unapoteza nusu volti. Tena uwe shaba tupu. Ukwangue dukani mbele ya muuzaji kabla ya kulipa.

Kitasa kiwe kile kinachohitaji umeme kufungua, si kufunga. Umeme ukikatika mlango unabaki umefungwa, na kwa ndani unafunguka kwa mkono. Weka betri ya 7Ah (ampea-saa 7) ya kuendesha skrini. Wa Unguja hamna haja ya kukumbushwa, mwisho wa 2009 mlikaa miezi mitatu bila umeme.

binti_mkomani
Jumatano, saa 3:30 usiku

Na kama mlango wa kuchonga hauna pa kuweka kitasa, je, chini ya ngazi hakuna mlango wa pili? Sisi wa nje unabaki umerudishwa mchana, wa ndani ndio una kitasa cha umeme. Ni mlango wa kawaida, ukiharibika fremu yake unachonga nyingine.

mwana_kiponda
Jumatano, saa 3:41 usiku

Upo, dada! Kaka aliuweka kuzuia mbuzi. Allah akulipe kheri.

abu_nassor_mct
Jumatano, saa 4:00 usiku

Basi kama njia ipo, pitisha kebo ya mtandao humo humo. Utajuta baadaye ukitaka kuongeza kamera.

fundi_waya
Jumatano, saa 4:06 usiku

Ipite kama nafasi inaruhusu. Lakini tusimpeleke mtu kwenye kamera wakati shida yake ni ngazi.

hurumzi_88
Alhamisi, saa 4:20 asubuhi

Nimesoma uzi wote hakuna aliyeuliza: ruhusa je? Mji Mkongwe uko kwenye Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000 na Mamlaka ya Hifadhi ipo tangu 1985. Ukiweka kibao cha chuma na kamera usoni pa nyumba bila kuwaona utaambiwa ukitoe. Na nyumba ni yenu kweli au ya serikali, au wakfu?

mwana_kiponda
Alhamisi, saa 7:15 mchana

Ni wakfu wa babu kwa kizazi chake. Sikutaja kwa kuwa sikuona inahusika na waya.

hurumzi_88
Alhamisi, saa 7:22 mchana

Inahusika mno. Na muuza vitambaa wa chini mmempangisha nyinyi au Kamisheni ya Wakfu inajua? Mlango wa mbele ni wa wote. Usianze Jumamosi kabla hujaandika barua mbili, ya Kamisheni na ya Mamlaka. Ambatisha picha ya mlango na mchoro wa kibao kitakapokaa. Mimi niliandika, walikuja kuangalia, wakaniambia nikiweke upande wa ndani wa kizingiti kisionekane kutoka uchochoroni.

kibokoni_msa
Alhamisi, saa 8:05 mchana

Jumamosi si amri. Fundi anayekuharakisha kununua waya kabla hajaona ukuta ndiye yule yule wangu.

mwana_kiponda
Alhamisi, saa 3:50 usiku

Leo nimekaa na mama nikamuonesha picha za zote tatu. Anasema kuona na kusema anataka, kufungua kwa kitufe hataki. Kwake mtu anasema hodi, anajibiwa karibu, kisha mwenye nyumba ndiye anayefungua. Mlango kujifungua wenyewe mbele ya mgeni anaona ni kama kumdharau. Nikamwambia na magoti je? Akasema kikapu kipo.

Kaka kwa upande wake anataka ya simu kama ya ndugu wa Muscat. Nimemwambia fundi wa Jumamosi asubiri. Barua nitapeleka Jumatatu.

binti_mkomani
Alhamisi, saa 4:10 usiku

Mama ana haki. Mwekee kuona na kusema, lakini waya wa kitasa upitishe sasa hivi uache ncha zimefungwa. Akibadili nia hamtafungua ukuta mara ya pili.

mzee_wa_chokaa
Alhamisi, saa 4:33 usiku

Na chokaa iloweke kesho, usingoje barua zijibiwe. Una pipa? La plastiki, lenye mfuniko. Likiwa la bati litaliwa.

mwana_kiponda
Alhamisi, saa 4:37 usiku

Pipa ninalo mzee. Chokaa mbichi siku hizi inapatikana wapi, tanuri za shamba bado wanachoma?